Mwaka wa uchaguzi na mfuko wako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafanyabiashara wa Dodoma

Nina duka la vifaa vya ujenzi Kizota. Kabla ya hapo nilifundisha somo la uchumi sekondari kwa miaka tisa, ndiyo maana wateja bado wananiita mwalimu, na kila uchaguzi ukikaribia wanaegemea kaunta na kuuliza yaleyale. Nimeyaandika hapa kwa namna yanavyonijia, si kwa mpangilio wa kitabu.

Mwalimu, ni kweli mwaka wa uchaguzi serikali inamwaga hela?

Ukitazama jumla ya bajeti, hutaiona hiyo hela. Bajeti ya 2019/20 ilikuwa shilingi trilioni 33.1. Ile ya mwaka wa uchaguzi, 2020/21, ilikuwa trilioni 34.9, ongezeko ambalo halimstui mtu. Mruko mkubwa ulikuja 2016/17, wakati kampeni zimeshasahaulika: kutoka trilioni 22.5 hadi 29.5. Bajeti ya 2025/26 ndiyo ilipanda sana mwaka wenyewe wa uchaguzi, kutoka trilioni 49.35 hadi 56.49. Kwa hiyo ukipima kwa jumla, kila mwaka utakupa jibu lake.

Kinachobadilika ni foleni. Nani anatangaziwa nini, na mwezi gani. Nani analipwa kwanza na nani anaambiwa asubiri. Kodi ipi inapunguzwa mbele ya kura, na ipi inakaa kabatini hadi kura zihesabiwe. Mengine yote nitakayosema hapa ni ufafanuzi wa hilo.

Hili jambo lina jina?

Wachumi wanaliita mzunguko wa uchumi wa kisiasa. Mpoland Michał Kalecki aliligusia mwaka 1943, kisha Mmarekani William Nordhaus akaliandika kwa hesabu mwaka 1975. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtawala anayetaka kurudi madarakani atachangamsha uchumi kabla ya kura ili ajira zipatikane, halafu baada ya kura ataubana ili bei zitulie. Mpiga kura anakumbuka ya karibuni na kusahau ya zamani.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa Richard Nixon. Mwaka 1972 mafao ya wastaafu wa Marekani yalipandishwa kwa asilimia 20, na hundi za kwanza zenye nyongeza ziliwafikia wazee mwanzoni mwa Oktoba. Uchaguzi ulikuwa Novemba. Makato ya kugharimia nyongeza hiyo yalianza Januari.

Waliofuata walimpinga Nordhaus: mpiga kura si mjinga kiasi hicho, akidanganywa mara moja, mara ya pili anakuwa macho. Mwaka 2005 wachumi Adi Brender na Allan Drazen walionyesha kwamba mchezo huu wa bajeti unaonekana zaidi katika nchi ambazo uchaguzi wa ushindani bado ni mgeni, na hufifia watu wanapozoea kudai hesabu. Mimi naliamini hilo, kwa sababu hata dukani mteja wa mara ya kwanza ndiye anayeuziwa saruji iliyoganda.

Kwa nini unasisitiza kalenda kuliko ahadi?

Kwa sababu kalenda yetu imekaa kwa namna ya pekee, na watu wanaipita juu juu.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bajeti inasomwa bungeni hapa Dodoma katikati ya Juni. Uchaguzi Mkuu unafanyika mwishoni mwa Oktoba: tarehe 31 mwaka 2010, tarehe 25 mwaka 2015, tarehe 28 mwaka 2020, tarehe 29 mwaka 2025. (Mwaka 2005 ulisogea hadi 14 Desemba baada ya mgombea mwenza wa upinzani kufariki dunia.) Maana yake serikali inaingia kwenye kampeni ikiwa na bajeti mbichi, yenye miezi minne tu. Bunge lililoipitisha limeshavunjwa. Bunge litakaloihoji halijazaliwa. Kati ya Julai na Novemba hakuna kamati inayokaa, wala mbunge wa kusimama na swali la nyongeza kuhusu fedha za barabara yake.

Halafu bajeti ya kwanza ambayo serikali mpya inaiandika yenyewe inakuja Juni inayofuata, miezi minane baada ya kura. Hiyo ndiyo ninayoiogopa, na nitaeleza.

Usisahau pia kwamba uchaguzi wa serikali za mitaa unautangulia ule mkuu kwa mwaka mmoja: Desemba 2014, Novemba 2019, Novemba 2024. Katika kila miaka mitano, miwili ni ya siasa. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi 2024. Sababu iliyotolewa ni kurekebisha mfumo, na kwa kweli mfumo ule ulikuwa na matobo. Lakini anayesoma kalenda haachi kuona imerudi mwaka gani.

Ushahidi wa mishahara uko wapi?

Upo, ila una pande mbili.

Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Katikati ya Oktoba, kura zikiwa karibu kupigwa, kikatangazwa kima cha chini kipya cha sekta binafsi, kianze Januari 2026. Tazama tarehe hizo vizuri. Tangazo la pili lilisikika kabla ya uchaguzi, na mwajiri alianza kulilipia baada yake.

Mwaka 2020, mwaka mwingine wa uchaguzi, kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kilipandishwa kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi.

Sasa upande wa pili. Mei 2010, miezi michache kabla ya kura, wafanyakazi walidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutishia mgomo. Rais Jakaya Kikwete alisimama mbele ya wazee wa Dar es Salaam na kusema serikali haina uwezo huo, na kwamba kama ni kura za wafanyakazi yuko tayari kuzikosa. Na kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kilishuka mwaka baada ya mwaka: asilimia 13, 12, 11, hadi 9 mwaka 2016, uchaguzi ukiwa umeshapita. Anayekwambia kila nyongeza ni hongo ya kura hajakaa na orodha yote mkononi.

Na kodi ngumu? Mbona huja tukishapiga kura?

Hapa ndipo kalenda inapoongea kwa sauti.

Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifuatwa na bajeti ya Juni 2016. Humo VAT iliwekwa kwenye huduma za utalii na kwenye ada za huduma za benki. Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulifuatwa na bajeti ya Juni 2021. Humo ndimo zilimozaliwa tozo za miamala ya simu, zilizoanza Julai mwaka huo. Kelele zilikuwa kubwa, zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba, zikapunguzwa tena 2022, na bajeti ya 2023/24 ikaiondoa ile ya kutuma pesa. Hesabu miaka: kodi ilizaliwa mbali na uchaguzi, ikaendelea kukonda kadiri uchaguzi ulivyokaribia.

Sisemi kuna chumba ambamo watu wanapanga hivyo kwa hila. Waziri wa Fedha wa nchi yoyote akiwa na kodi chungu ya kuleta, ataileta mwaka ambao mwenye hasira ana miaka minne ya kupoa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, na ningekuwa nakosea.

Ile "vyuma vimekaza", yaani hela kuadimika, ya 2016 na 2017 ilikuwa matokeo ya uchaguzi?

Ilikuwa matokeo ya kubadilika kwa aliyekaa kitini, na uchaguzi ndio uliomleta. Rais John Magufuli alipoingia, mikutano ya serikali hotelini ilikatwa, safari za nje zikabanwa, na mapema 2016 taasisi za umma ziliagizwa kuhamisha fedha zao kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu. Benki zilizozoea amana hizo zikabaki na kiu. Mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa kwa wakati, ikapanda kupita asilimia 10 ya mikopo yote mwaka 2017. Benki Kuu ikajaribu kulegeza, ikashusha riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 16 hadi 12 Machi 2017, kisha 9 Agosti.

Wakati huohuo Dodoma ilikuwa inapanda. Julai 2016 ilitangazwa kwamba serikali yote inahamia huku, na waliokuwa na viwanja Kisasa, Ilazo au Iyumbwa wanajua kilichofuata. Niliuza nondo na mabati kuliko miaka yote niliyokaa kaunta, huku shemeji yangu aliyekuwa na ukumbi wa mikutano Dar es Salaam anauza viti. Uamuzi mmoja wa kisiasa, mikoa miwili, mizunguko miwili inayopishana.

Bei za vitu hupanda baada ya uchaguzi?

Mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 20 Desemba 2011, mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa 2010. Uganda walipiga kura Februari 2011, na Oktoba mfumuko wao ulipita asilimia 30. Ukiishia hapo utasema kesi imekwisha.

Lakini mwaka huohuo kulikuwa na ukame Afrika Mashariki, chakula kilikuwa ghali, na mafuta yalipanda duniani. Kwa Uganda, matumizi ya kabla ya uchaguzi yalichangia, hilo linakubalika na wengi. Kwetu, mvua ilikuwa na kosa kubwa kuliko sanduku la kura. Na baada ya chaguzi za 2015 na 2020 mfumuko haukulipuka.

Na shilingi?

Mwaka 2015 ilishuka, kutoka kama 1,700 kwa dola mwanzoni mwa mwaka hadi kupita 2,100. Watu wakasema ni uchaguzi, ingawa dola ilikuwa inapanda dhidi ya karibu kila sarafu. Mwaka 2025 ikafanya kinyume: ilidhoofika hadi karibu 2,700 miezi ya mwanzo, halafu ikaimarika na kufikia takribani 2,450 kampeni zikiwa zimepamba moto. Dhahabu ilikuwa na bei nzuri, watalii walikuwa wengi, na kanuni za Machi 2025 zilikataza kuuza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Aliyenunua dola Juni akingoja uchaguzi uipandishe, aliniletea huzuni yake hapa dukani.

Benki Kuu inaweza kumkatalia mwanasiasa?

Kwa sheria ya 2006, lengo lake la kwanza ni utulivu wa bei. Tangu Januari 2024 inatumia riba yake maalumu, inayotangazwa kila robo mwaka na kamati: ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili 2024, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Ndiyo, miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ila mfumuko ulikuwa unazunguka asilimia 3 na kidogo, ndani ya lengo la 3 hadi 5, na robo asilimia si mvua ya hela. Ingekuwa pointi tatu, ningeshtuka.

Majirani wanafanyaje?

Kenya wana mfano ulio wazi kuliko wetu. Mei 2017 serikali iliweka ruzuku, pakiti ya unga ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90 za Kenya. Uchaguzi ulikuwa Agosti. Julai 2022 unga uleule ukashushwa hadi shilingi 100 kutoka zaidi ya 200, na uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti. Agosti 2016 walikuwa wamesaini sheria ya kuzuia riba za mabenki, jambo lililopendwa na wapiga kura, lakini benki zikaacha kuwakopesha wadogo. Sheria ikafutwa Novemba 2019.

Ghana mwaka 2012 walimaliza mwaka wa uchaguzi na nakisi ya bajeti iliyopita asilimia 10 ya pato la taifa, mishahara ya watumishi ikiwa sehemu kubwa ya mzigo huo. Kufikia 2015 walikuwa wamesaini mkopo na IMF.

Chama ni kilekile tangu uhuru. Cha kuhangaikia kura ni nini?

Swali zuri kuliko yote, na liliulizwa na mama anayeuza chai mlangoni kwangu.

Chama kinachotawala kikiwa kimoja kwa muda mrefu, ushindani mkali unahamia ndani yake, kwenye kura za maoni za kuteua wagombea. Huko mbunge anaweza kuangushwa kweli. Kwa hiyo msukumo wa kutumia unakuja mapema, kati ya Januari na Julai, na unatoka zaidi kwenye mfuko wa mgombea kuliko Hazina. Ndiyo sababu neno takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, lilipata umaarufu: sheria iliiruhusu mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006.

Tofauti nyingine ni kama aliyepo anagombea tena au anaondoka. Mwaka 2015 rais alikuwa anamaliza muda wake na zaidi ya wanachama 30 walichukua fomu kumrithi. Mwekezaji hakujua sera ijayo itafananaje, akakaa na hela yake. Mwaka 2010 na 2020 aliyepo alikuwa anarudi, na wasiwasi wa namna hiyo ulikuwa mdogo.

Nina nyumba ya wageni Dodoma. Mwaka wa uchaguzi ni neema?

Nusu neema, nusu kaa la moto.

Mwaka wa kawaida unaishi kwa Bunge: Januari hadi Februari, kisha ule mkutano mrefu wa bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, kisha Agosti au Septemba, kisha Novemba. Mbunge haji peke yake. Kuna dereva, msaidizi, wageni kutoka jimboni, na maofisa wa wizara na mashirika wanaokuja kujibu hoja. Mama ntilie wa Majengo na bodaboda wa Area D wanaijua ratiba ya Bunge kuliko wanavyojua ratiba ya shule.

Mwaka wa uchaguzi Bunge linavunjwa, na ule mkutano wa Agosti au Septemba haupo. Wabunge wako majimboni, mawaziri wako kwenye kampeni, na watumishi hawaitishi vikao kwa sababu wakubwa wao hawapo. Badala yake unapata vikao vya chama tawala, CCM. Julai 2015 na Julai 2020 wajumbe walijaza mji hadi watu wakalala kwenye magari. Mwaka 2025 mkutano mkuu uliompitisha mgombea ulifanyika Januari, ukaja mwingine mwishoni mwa Mei. Ni siku mbili tatu za bei ya juu, halafu kimya. Aliyepandisha bei kwa siku tatu akasahau miezi mitatu, nimemwona akiuza friji. Novemba Bunge jipya linaapishwa na mji unarudiwa na uhai.

Nauza mahindi Kibaigwa. Nisubiri uchaguzi?

Subiri mvua. Katikati ya Tanzania mavuno huingia sokoni kuanzia Mei, kwa hiyo hela unayoiona mitaani Agosti ya mwaka wa uchaguzi nyingi ni ya alizeti, mtama na mahindi, hata kama iko ndani ya fulana ya kampeni. Marufuku za kuuza mahindi nje ya nchi tulizozipata 2011 na 2017 zilikuja katika miaka ya upungufu, si ya kura. Cha kufuatilia ni ununuzi wa NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula: kabla ya kura serikali inamtaka mkulima aridhike na bei, na wakati huohuo inataka mla ugali wa mjini asilalamike. NFRA ikinunua sana wakati huo, uza.

Petroli hushushwa?

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi kwa kufuata soko la dunia. Ruzuku kubwa tuliyoiona, ya shilingi bilioni 100, ilikuwa Juni 2022, kwa sababu ya vita vya Ukraine. Hapakuwa na uchaguzi.

Naidai ofisi ya umma. Nitalipwa kabla ya uchaguzi?

Kaa nikusimulie. Mwaka 2015 nilipeleka rangi na vitasa kwenye ofisi moja, nikiwa na hati ya kuagiza yenye muhuri. Agosti nikaambiwa fedha za matumizi mengineyo, OC kama wanavyoita wenyewe, zimeelekezwa kwenye "mambo ya kitaifa". Novemba nikaambiwa mhasibu mpya anahakiki madeni. Juni mwaka wa fedha ukafungwa, deni likawa malimbikizo, likaanza safari mpya ya uhakiki. Nililipwa miezi kumi na minne baadaye, bila riba, kwa bei ya rangi ya zamani.

Nilichojifunza: mwaka wa uchaguzi kazi zinazoonekana kwa macho, barabara na madarasa, hupata fedha mapema, na mtoa huduma mdogo wa ofisini anasukumwa nyuma ya foleni. Kwa hiyo mzigo unaolipwa kwa fedha za OC upeleke kabla ya Machi, dai nakala ya hati ya malipo, na usikubali oda ya Julai hadi Oktoba bila malipo ya awali. Wakikwambia haiwezekani, waamini.

Na 2025 yenyewe ilikuwaje kwa biashara?

Hadi siku ya kura, ilikuwa ya kawaida kuliko tulivyotarajia. Kuanzia tarehe 29 Oktoba kulitokea vurugu, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na intaneti ikazimwa kwa takribani siku tano. Watu walikufa, na hilo haliingizwi kwenye hesabu ya mauzo. Kwa upande wa duka: malori kutoka Dar hayakufika, oda za mtandaoni zilikatika, nikarudia daftari la mikopo kama enzi za baba yangu. Kenya waliwahi kuonyesha gharama ya aina hii: uchumi uliokuwa ukikua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007 ulishuka chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Vitabu vya mzunguko wa uchaguzi vinazungumzia sana riba na bajeti, vinazungumzia kidogo mno barabara kufungwa.

Nikope mwaka wa uchaguzi?

Benki haitakunyima kwa sababu ya uchaguzi, na riba haitabadilika sana. Angalia marejesho yako yanapita wapi. Mkopo wa miezi 36 uliochukuliwa Agosti 2025 unapita kwenye bajeti ya Juni 2026, ya Juni 2027 na ya Juni 2028. Zote tatu ni bajeti za mbali na kura, na uchaguzi wa mitaa unaofuata ni wa 2029. Mteja wangu mmoja alipoiona hesabu hiyo alipunguza mkopo nusu, akaacha kujenga ghorofa ya pili. Alinikosesha oda ya mifuko 200 ya saruji, na bado nampa chai akipita.